Joto la usiku Shirimatunda: Kabla ya kununua topa ya "kupoza" godoro, soma hapa

Saa nane usiku, mwezi wa pili, Shirimatunda. Umeme upo, pangaboi linazunguka, dirisha liko wazi, lakini mgongo umelowa. Mwenye kitanda anageuza mto upande wenye ubaridi. Dakika tano tu, na wenyewe umepata moto. Mwisho anachukua mkeka, anatandika sakafuni, na hapo ndipo usingizi unapokuja.

Kesho yake anashika simu na kuanza kutafuta. Anakutana na matangazo ya topa, yaani godoro jembamba la inchi 2 hadi 4 linalotandikwa juu ya godoro la kawaida. Tangazo linasema lina jeli, linapoza usiku kucha. Bei si ya mchezo. Zipo ambazo kwa hela hiyo mtu anapata godoro jipya la sponji.

Swali ni moja: inapoza kweli?

Jibu fupi ni kwamba topa nyingi hazitengenezi baridi hata kidogo. Zinachofanya, zikiwa nzuri, ni kuliachia joto la mwili liende zake. Na mtu yule aliyehamia sakafuni ameshalipata somo hilo bila kujua. Saruji ililinyonya joto la mgongo wake, na mkeka ukaacha hewa ipite. Topa inayofaa ni ile inayofanya angalau kimojawapo kati ya hivyo viwili, tena hadi alfajiri.

Joto lenyewe linatoka wapi?

Linatoka kwa mlalaji. Mtu mzima akiwa usingizini hutoa joto la takriban wati 70 hadi 80, karibu sawa na balbu ya zamani ya waya ya wati 75. Wawili kwenye kitanda cha tano kwa sita ni balbu mbili chini ya shuka moja.

Joto hilo lazima litoke. Ili usingizi ukolee, mwili hushusha joto lake la ndani kwa takriban nyuzi 1. Huipeleka damu ya moto kwenye ngozi, hasa viganja na nyayo, ili ipoe. Ndiyo maana watu wengi hutoa mguu nje ya shuka bila hata kuamka.

Joto hutoka mwilini kwa kugusa kitu kilichopoa, kwa hewa inayopita kwenye ngozi na kwa jasho linalokauka. Pia ngozi hulirusha joto kuelekea vitu vilivyopoa vilivyo karibu, kama ukuta.

Sasa godoro la sponji huziba karibu njia zote upande wa mgongo. Sponji ni vijitundu vingi vilivyoshika hewa isiyotembea, na hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Kuta za friji zimejazwa povu la jamii hiyohiyo, ila gumu zaidi, makusudi ili joto la nje lisiingie. Mlalaji naye amelalia kitu cha namna hiyo, kazi yake ikiwa ni kulizuia joto lisitoke.

Godoro la Machame si godoro la Shirimatunda

Kwa kawaida, kila mtu akipanda mita 1,000 kuelekea mlimani, joto la hewa hushuka kwa takriban nyuzi 6. Moshi mjini uko kwenye mita 800 na ushee kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu, wanapoanzia wapanda mlima, liko karibu mita 1,900. Usiku ambao mtu wa mjini anajipepea na kanga, mwenzake wa huko juu anavuta blanketi la pili.

Kwa hiyo godoro nene na laini lililomfaa mtu nyumbani kwao Machame au Kibosho linaweza kumtesa akihamia bondeni. Halina ubovu wowote. Ni kwamba ile sifa yake ya kutunza joto, iliyokuwa neema kule juu, huku chini imekuwa mzigo.

Msimu nao una neno. Januari hadi Machi ndiyo miezi mikali mjini. Juni hadi Agosti Moshi hupoa, hata Shirimatunda watu hutafuta sweta asubuhi. Hapo topa ina faida moja ambayo godoro halina: huweza kutolewa, kukunjwa na kuwekwa juu ya kabati hadi joto lirudi.

Aina za topa na zinachofanya

*Memori fomu.* Hii ni sponji inayobonyea taratibu na kushika umbo la mwili. Ilibuniwa mwaka 1966 na mhandisi Charles Yost katika kazi ya viti vya ndege kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani. Hulainika ikipata joto, hivyo mlalaji huzama na sponji humkumbatia mbavuni. Kwa maumivu ya nyonga au mabega wengi huisifu. Kwa anayeteswa na joto, ikiwa tupu bila chochote cha kuisaidia, ni chaguo la mwisho kabisa.

*Memori fomu yenye jeli.* Jeli hunyonya joto haraka kuliko sponji, hivyo mtu akilala huhisi ubaridi mtamu. Tatizo ni kwamba jeli hujaa. Ikishalingana na joto la mwili, haina tena mahali pa kulipeleka, na kinachobaki ni sponji ileile. Anayehangaika kushikwa na usingizi mwanzoni anaweza kunufaika. Anayeamka saa nane amelowa, pengine hataona tofauti kubwa.

*Zenye nta maalumu.* Hizi hutangazwa kwa majina makubwa ya kisayansi. Ndani ya kitambaa au sponji huwekwa chembe ndogo mno za nta. Nta ikiyeyuka hunyonya joto, kama barafu inavyonyonya joto la soda. Ikishayeyuka yote, kazi imeisha hadi igande tena, na ili igande inahitaji kupoa. Chumba kikibaki na joto kali usiku kucha, nta haipati nafasi hiyo.

*Mpira asilia.* Hii ndiyo lateksi, inayotokana na utomvu wa mti wa mpira. Mara nyingi huwa na matundu yaliyotobolewa juu hadi chini, na humsukuma mlalaji juu badala ya kummeza. Hewa hupita vizuri kuliko kwenye memori fomu. Kasoro zake ni uzito na bei.

*Wavu wa matabaka.* Hiki ni kitambaa kinene kilichofumwa kwa nyuzi ngumu zenye nafasi katikati. Ukikikata utaona uwazi mwingi kuliko kitu chenyewe. Hakina ubaridi wa kugusa, na dukani mtu anaweza kukipita kwa dharau. Lakini usiku hewa hupita chini ya mgongo, jasho hukauka, na hufulika. Kwa nyumba yenye feni, hiki hufanya kazi nzuri kuliko sura yake.

*Pamba.* Topa ya pamba iliyoshonwa kama godoro jembamba hunyonya jasho na kuliachia likauke. Hubonyea na kushikamana baada ya muda, kwa hiyo inataka kuanikwa na kukung'utwa mara kwa mara. Wazee wa Pwani waliolala kwenye magodoro ya pamba, sufi na usumba wanaijua kazi hiyo.

*Za maji na umeme.* Hizi zina mirija inayozungusha maji yaliyopozwa na mashine ndogo kando ya kitanda. Hizi ndizo zinazoondoa joto kwa maana halisi ya neno kupoza. Ila ni ghali, zinataka umeme muda wote, na siku umeme ukikatika zinageuka godoro la kawaida lenye mirija.

Mtego wa kiganja dukani

Muuzaji anayejua kazi yake humwambia mteja: "Gusa hapa uone." Mteja anaweka kiganja, anasikia ubaridi, anatoa hela.

Ubaridi huo ni wa kweli, ila hauna maana anayodhani. Mlango wa chuma na mlango wa mbao vikiwa chumba kimoja vina joto lilelile, lakini chuma kikiguswa huonekana cha baridi kwa sababu kinanyonya joto la mkono haraka. Kitambaa cha topa kinaweza kufanya hivyohivyo kwa dakika chache. Usiku una saa saba au nane.

Majaribio matatu yafuatayo yanasema zaidi kuliko kiganja.

La kwanza ni kulala. Mnunuzi alale chali juu ya topa dakika 15, akiwa na nguo nyepesi, bila kujigeuza. Kisha ainuke na kupapasa pale mgongo ulipokuwa. Pakiwa pa moto na pamebaki na shimo la umbo lake kwa muda, topa hiyo inatunza joto.

La pili ni tone la maji. Kwenye kipande cha sampuli, tone likidondoshwa na kunyonywa upesi, kitambaa kitanyonya na jasho. Likibaki juu limejikusanya kama shanga, jasho nalo litabaki kwenye ngozi.

La tatu ni pumzi. Kipande cha kitambaa cha juu kikishikwa mdomoni na kupulizwa, pumzi itoke upande wa pili bila kung'ang'ania. Pumzi ikigoma, hewa ya chumba nayo itagoma.

Kuna na la futi. Vitanda vingi vya mafundi wa hapa ni 4 kwa 6, 5 kwa 6 au 6 kwa 6. Topa nyingi zinazotoka nje hupimwa kwa sentimita. Futi 5 kwa 6 ni takriban sentimita 152 kwa 183. Topa ya ukubwa wa Kimarekani ya sentimita 152 kwa 203 inalingana kwa upana, lakini inazidi miguuni kwa sentimita 20. Hapo mtu atakunja, na chini ya nyayo patakuwa na nundu kila usiku. Futikamba kwanza, malipo baadaye.

Vya bure au vya bei ndogo kwanza

Kabla ya topa yoyote, kuna vitu vya kujaribu kwa usiku tatu au nne. Mara nyingi mkosaji hupatikana hapo.

Naironi ya godoro. Wengi huacha ile karatasi ya plastiki ya dukani ili godoro lisichafuke, au hutandika mpira kwa sababu ya mtoto anayekojoa kitandani. Plastiki haipitishi jasho wala hewa. Topa ya gharama ikitandikwa chini ya plastiki ni hela iliyotupwa. Kwa kitanda cha mtu mzima, naironi itolewe na badala yake iwekwe foronya ya godoro ya pamba inayofulika. Kwa mtoto, mpira utandikwe eneo la makalio tu, na juu yake shuka nzito ya pamba.

Shuka. Zile za kuteleza na kung'aa, nyingi zikiwa za poliesta, zinapendeza kwa macho lakini hazinyonyi jasho vizuri. Shuka ya pamba iliyofuliwa mara nyingi hadi ikawa laini, hata ya mtumba kutoka Memorial, inaweza kumsaidia mlalaji kuliko topa ya jeli. Kanga au kitenge cha pamba kinatosha kujifunikia.

Chaga. Hapa inazungumzwa zile mbao za kitanda, si watu wa Kibosho. Zikiwa zimepishana kwa nafasi, godoro hupumua upande wa chini. Kitanda kilichozibwa na plaiwudi nzima hufungia unyevu, na siku moja godoro likiinuliwa hukutwa na ukungu.

Mkeka. Mkeka wa ukindu ukitandikwa juu ya godoro, chini ya shuka, huacha njia ndogo za hewa na hauachi mwili uzame. Si jambo la kuonea aibu. Nchini China, watu wengi wakati wa kiangazi hutandika mikeka ya mianzi juu ya magodoro yao kwa sababu hiyohiyo.

Feni. Topa ya kupitisha hewa inahitaji hewa inayotembea. Feni ya wati 50 ikizunguka saa 8 hula yuniti 0.4 za LUKU, chini ya nusu yuniti. Jua likizama na nje kukapoa, madirisha ya pande mbili yakifunguliwa hutoa joto lililokaa kwenye kuta za tofali tangu mchana. Ila nyavu za mbu ziwepo.

Na mbege. Pombe hutanua mishipa ya damu kwenye ngozi, mtu akasikia joto, akatoka jasho, kisha usingizi ukakatika usiku wa manane. Hilo hakuna topa inayolitibu.

Chandarua kisiwe cha kwanza kutolewa

Hapa ndipo suala la joto linapoacha kuwa la starehe tu. Usiku ukiwa mkali, kitu cha kwanza watu wengi kufunua ni chandarua. Na ni kweli kwamba chandarua hupunguza upepo wa feni kwa kiasi kikubwa.

Lakini mbu anayeeneza malaria huuma zaidi usiku, na kusini mwa mji kuna mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni yenye maji ya kuzaliana mbu. Mtu anayelala bila neti kwa sababu ya godoro lenye joto anabadilisha usumbufu kwa ugonjwa, na mara nyingi anayelipa ni mtoto aliyelala pembeni yake.

Kwa hiyo hesabu igeuzwe. Joto lipunguzwe upande wa chini, yaani godoro, shuka na topa, ili neti ivumilike upande wa juu. Chandarua cha pembe nne, kipana na kilichofungwa juu, kina nafasi zaidi kuliko kile cha duara kinachomwangukia mtu usoni. Feni isogezwe karibu na kuelekezwa kwenye neti moja kwa moja.

Kwa mtoto mchanga, topa isitumike kabisa. Sehemu laini inayobonyea inaweza kumziba pua akigeuka. Mtoto mchanga hulazwa chali, kwenye godoro gumu, lililo tambarare, lenye shuka iliyokazwa.

Jasho ambalo si la godoro

Kuna jasho la kutokwa kwa sababu chumba ni cha moto, na kuna jasho la kulowesha shuka hata usiku wa Julai. Hilo la pili lisinunuliwe topa. Lipelekwe hospitali.

Jasho jingi la usiku, pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na kupungua uzito, ni dalili za kifua kikuu. Mkoa wa Kilimanjaro una hospitali inayojulikana nchi nzima kwa ugonjwa huo, Kibong'oto, iliyoko wilayani Siha. Lakini si lazima kuanzia huko. Kituo cha afya cha karibu huchukua makohozi, na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma Tanzania hutolewa bure.

Homa na kutetemeka huweza kuwa malaria. Mwenye kisukari anayetumia insulini akiamka amelowa jasho la baridi, anatetemeka, huenda sukari imeshuka, na hilo ni la kushughulikiwa palepale. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na baadhi ya dawa pia hutoa jasho. Wanawake wanaokaribia kukoma hedhi hupata mawimbi ya joto usiku. Hao topa ya kupitisha hewa na shuka ya pamba huwasaidia kweli, ila ushauri wa daktari nao upo na usidharauliwe.

Hela itangulie wapi?

Kwa anayeishi Shirimatunda, Pasua au Njoro na kulala kwa tabu, mpangilio wa matumizi unaweza kuwa hivi. Kwanza naironi itoke na shuka ya pamba iingie. Pili chaga na feni. Tatu mkeka ujaribiwe usiku tatu. Joto likiendelea, hapo topa ina kazi, na kipaumbele kiwe inayopitisha hewa: wavu wa matabaka, pamba au mpira asilia wenye matundu. Ya jeli ifuate baada ya hizo, na memori fomu tupu iachiwe walio juu mlimani.

Na kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe swali moja tu: "Joto la mgongo wangu likiingia humu, linatokea wapi?" Akionyesha matundu, nyuzi au mirija ya maji, mazungumzo ya bei yaanze. Akirudia kusema "gusa hapa uone", mteja bado ana mkeka wake nyumbani.